Seli Bila Daftari: Jinsi ya Kuchagua, Kukagua na Kusajili Nasaba za Seli Shina Ukiwa Nairobi

Mtu akikuuzia ploti Ruai, hutoi hata shilingi kabla ya kufanya sachi. Unataka kujua ilikuwa ya nani, imegawanywa mara ngapi, na kama kuna benki inayoidai. Lakini kichupa cha seli za binadamu huweza kuhama friza moja hadi nyingine kwa mkono wa rafiki, kikiwa na herufi mbili tatu zilizoandikwa kwa kalamu, na utafiti wa miaka mitatu ukajengwa juu yake bila mtu kuuliza zilitoka wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Seli shina za binadamu ni zaidi ya mali, kwa sababu kuna mtu aliyezitoa mwilini mwake.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, mafundi wa maabara, wanakamati wa maadili na waandishi wa habari za sayansi jijini. Sehemu ya mwisho ni ya familia zilizoahidiwa tiba ya seli shina na hazijui pa kuuliza.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Seli shina ninazozungumzia hapa ni zile zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli ya aina yoyote mwilini: ya moyo, ya neva, ya damu. Zipo za aina mbili. Za kwanza hutoka kwenye kiinitete cha siku chache. James Thomson na wenzake wa Wisconsin, Marekani, ndio waliozikuza maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Za pili hutengenezwa kwa kuchukua seli za kawaida za mtu, tuseme za ngozi au za damu, na kuzirudisha katika hali ya mwanzo. Shinya Yamanaka wa Kyoto aliweza jambo hilo kwa seli za panya mwaka 2006 na za binadamu mwaka 2007, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Hizi za pili huitwa seli za iPS, na ndizo ambazo maabara ya Nairobi ina nafasi kubwa ya kuzitengeneza yenyewe. Nasaba ya seli ni ukoo mzima wa seli zilizotokana na chanzo kimoja na zinazoendelea kugawanyika maabara.

Hatua ya kwanza: pata jina halisi

Usianze na ubora wala bei. Anza na jina, kwa sababu majina ya mazoea yanapotosha sana.

Mfano mzuri ni H9. Ukisema H9 mbele ya mtu wa seli shina, atafikiria moja ya zile nasaba za kiinitete za Wisconsin za mwaka 1998, ambayo pengine ndiyo iliyotumika kuliko nyingine zote. Ukisema H9 mbele ya mtu wa virusi, atafikiria seli za T, yaani aina ya seli za kinga ya mwili, zilizotumika Marekani mwaka 1984 kukuza virusi vya UKIMWI. Ni seli mbili zisizohusiana hata kidogo: ya kwanza ina kromosomu za kike, ya pili ilitoka kwa mwanamume mwenye saratani. Katika mji kama huu, ambao umekuwa ukichunguza UKIMWI tangu miaka ya 1980, si ajabu vichupa hivyo viwili vikakaa kwenye korido moja, na kila kimoja kimeandikwa H9.

Sajili za wazi zilianzishwa ili kuondoa mkanganyiko wa namna hii. Katika sajili ya kimataifa ya seli shina za binadamu, inayojulikana kama hPSCreg, ile H9 ya Wisconsin inaitwa WAe009-A. Lisome jina hilo polepole. WA ni kifupisho cha taasisi iliyotengeneza. Herufi e inaonyesha kwamba ilitoka kwenye kiinitete. Ingekuwa i, ingekuwa iPS. Namba 009 inasimamia chanzo, yaani mtoaji au kiinitete. Herufi A inaonyesha ni nasaba ipi kati ya zile zilizotoka kwa chanzo hicho hicho. Ukitengeneza tatu kutoka kwa mtu mmoja, zitakuwa A, B na C. Mtu akihariri jeni ndani ya nasaba hiyo, tawi jipya huongezewa namba mwishoni, na hivyo hata baada ya miaka kumi msomaji anaweza kurudi nyuma hadi kwenye shina.

Kwa hiyo mtu akikupa seli, muulize: jina lake la sajili ni lipi? Akikosa la kujibu, kichupa hicho usikiingize kwenye inkubeta yako bado.

Hatua ya pili: fungua sajili, na zaidi ya moja

Sajili tatu zinatosha kuanzia, na kusoma ni bure. Huhitaji barua ya mkuu wa idara wala kadi ya benki.

hPSCreg ilianza mwaka 2007 kwa fedha za Tume ya Ulaya na inaendeshwa kutoka Berlin. Hapo utakuta ukurasa wa kila nasaba: taasisi iliyoitengeneza, aina ya mtoaji na ugonjwa wake kama upo, ridhaa iliyotolewa, njia iliyotumika kugeuza seli, vipimo vilivyofanywa, na mahali pa kuiagiza. Ina pia orodha ya majaribio ya kitabibu yanayotumia seli zilizotokana na seli shina za aina hii.

Cellosaurus inatunzwa Geneva na Taasisi ya Bioinfomatiki ya Uswisi. Yenyewe haijajifunga kwa seli shina. Imekusanya nasaba za seli za kila namna, na kila moja ina namba inayoanza na CVCL. HeLa, nasaba maarufu ya seli za saratani, kwa mfano, ni CVCL_0030. Nguvu yake ni kukuonya: ikiwa nasaba imegunduliwa kuwa si ile inayodaiwa, onyo liko pale pale juu ya ukurasa. Nyuma ya maonyo hayo kuna kamati ya kimataifa, ICLAC, yenye orodha ya nasaba zaidi ya 500 zilizochanganywa au kupewa utambulisho wa uongo. Nyingi zilivamiwa na HeLa, ambayo hukua kwa kasi ya ajabu ikishaingia kwenye chombo cha seli nyingine.

Ya tatu ni sajili ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, kwa nasaba za kiinitete peke yake. Iliundwa mwaka 2009 pamoja na masharti yake: kiinitete kiwe kilitengenezwa kwa ajili ya uzazi wa kupandikiza, kiwe hakihitajiki tena, waliokitoa wawe wameridhia kwa maandishi, na wasiwe wamelipwa. Hata kama hutafuti fedha za Marekani, isome, maana kwa baadhi ya nasaba imeandika mipaka ya matumizi.

Linganisha kurasa hizo tatu. Zikitofautiana kuhusu jinsia, ugonjwa au taasisi, simama hapo na uandikie benki ya seli, yaani taasisi inayozihifadhi na kuzisambaza, kabla ya kuagiza.

Hatua ya tatu: soma ridhaa kabla ya kusoma vipimo

Wengi wetu tulifundishwa kinyume, tukaambiwa maadili ni karatasi za kutimiza baadaye. Mimi nasema anza nazo, kwa sababu zinaweza kukuzuia usitumie seli hata kama ubora wake hauna dosari.

Tazama kilichotokea mwaka 2009, sajili ya NIH ilipokuwa changa. Kundi la nasaba kutoka Chuo Kikuu cha Harvard lilikubaliwa, lakini kwa sharti zito. Fomu walizotia saini watoaji zilitaja utafiti wa kongosho na kisukari. Basi NIH ikaamua kwamba fedha zake zitumike kwa nasaba hizo katika mipaka hiyo tu. Mtafiti wa ubongo aliyezitaka alikosa. Watoaji hawakuwa mle chumbani kujitetea. Maandishi ndiyo yaliyowatetea.

Kwenye ukurasa wa nasaba tafuta majibu ya mambo haya. Je, ridhaa ilitolewa kwa maandishi na mtoaji hakulipwa? Je, inaruhusu utafiti wa aina yoyote au wa ugonjwa mmoja? Je, seli zinaweza kuvuka mipaka ya nchi? Je, kampuni inaweza kuzitumia kibiashara? Je, jenomu, yaani DNA yote ya mtoaji, inaweza kusomwa na kushirikishwa? hPSCreg hutoa cheti kwa nasaba ambayo asili yake ya kimaadili imethibitishwa na uwezo wake wa kugeuka umeonyeshwa kwa vipimo. Nasaba kuwa na ukurasa si sawa na kuwa na cheti. Angalia cheti.

Na wanaodhani ubora na maadili ni mambo mawili tofauti wakumbuke Seoul. Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005, katika jarida la Science, kwamba amepata seli shina kutoka viinitete vya binadamu vilivyotengenezwa kwa njia ya kloni. Kilichotiliwa shaka kwanza ni jinsi mayai yalivyopatikana: baadhi ya wanawake walilipwa, na wengine walikuwa wafanyakazi wa maabara yake mwenyewe. Halafu ikabainika kwamba matokeo yenyewe yalighushiwa. Makala zote mbili zilifutwa mwaka 2006.

Neno kuhusu seli za kiinitete hapa kwetu. Kuna wanafunzi, wauguzi na wanakamati wa maadili ambao dini zao haziwaruhusu kuzigusa, makanisani na misikitini, na dhamiri yao inastahili heshima. Ikiwa swali lako la utafiti linaweza kujibiwa kwa seli za iPS, tumia iPS, na ueleze sababu kwenye maombi yako.

Hatua ya nne: kagua ubora

Mwaka 2023 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Seli Shina, ISSCR, ilitoa viwango vya chini vya kazi hii. Visome vyenyewe. Hapa nataja yale yanayowaumiza watu mara nyingi.

Utambulisho. Kipimo cha STR husoma sehemu fulani za DNA zinazotofautiana kati ya mtu na mtu. Linganisha matokeo yako na ya benki iliyokuuzia. Cellosaurus ina zana ya bure ya kulinganisha, jina lake CLASTR: unaingiza namba zako, inakutajia nasaba zinazofanana nazo. Fanya kipimo siku seli zinapofika, kisha kabla ya kuchapisha.

Maikoplasma. Huyu ni bakteria mdogo asiye na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimfanyi kitu. Hupenya kwenye vichujio vya kawaida vya maabara, haonekani kwa hadubini ya kila siku, na tofauti na bakteria wengine huoni maji ya kukuzia yakiwa na ukungu. Seli zinaendelea kuishi huku tabia yake imebadilika, na wewe unaripoti mabadiliko hayo kama ugunduzi. Pima kila kichupa kipya kikiwa bado kimetengwa, na upime tena mara kwa mara.

Kromosomu. Seli shina zikikuzwa kwa muda mrefu, zile zilizopata hitilafu inayoziwezesha kukua haraka huzimeza nyingine. Kromosomu za 1, 12, 17 na 20 ndizo hutajwa mara nyingi. Ile ya 20 ina hila: kipande kinachorudufiwa ni kidogo kiasi kwamba picha ya kawaida ya kromosomu huweza kukikosa. Uliza kama benki imekipima kwa njia nyingine. Usiridhike na neno “kawaida” bila tarehe na bila idadi ya mara seli zilivyohamishwa chombo kabla ya kipimo. Kipimo cha miaka mitano iliyopita kinaelezea seli za miaka mitano iliyopita.

Kwa kuagiza, nenda kwenye benki inayojulikana: WiCell ya Wisconsin, Benki ya Seli Shina ya Uingereza, EBiSC ya Ulaya, au Coriell ya New Jersey. Ndiyo, ni ghali, na usafirishaji ndani ya nitrojeni hadi JKIA unaongeza gharama. Changeni maabara mbili au tatu za mji huu, mwagize pamoja, lakini kila maabara iwe na mkataba wake wa kupokea seli, kwa maana mikataba mingi inakukataza kumgawia jirani. Zikifika, gandisha akiba kubwa kwanza kisha ndipo uanze majaribio. Stima ikipotea wikendi na jenereta ikikataa, akiba hiyo ndiyo itakayookoa shahada yako.

Hatua ya tano: karatasi za hapa nyumbani

Sajili ya kimataifa haikupi ruhusa ya kufanya utafiti Kenya. Utaratibu ni huu: kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ipitishe pendekezo lako, kisha uombe leseni ya utafiti kwa NACOSTI yenyewe kupitia mtandao wake, kama inavyotakiwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Hospitali Kuu ya Kenyatta pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi wana kamati yao, KEMRI ina yake, na Amref, Aga Khan na Strathmore vilevile.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na taarifa za kijenetiki kuwa data nyeti. Kuzipeleka nje ya nchi kunahitaji ridhaa na kinga zinazoeleweka. Sampuli zenyewe zikitoka nchini, andaa mkataba wa uhamishaji wa vielelezo na kibali cha Wizara ya Afya. Ambatanisha kwenye maombi yako ukurasa wa sajili wa kila nasaba utakayotumia, pamoja na cheti. Mwanakamati asiye mtaalamu wa seli ataushukuru, maana unamwonyesha kwa macho kile ambacho wewe unaeleza kwa istilahi.

Hatua ya sita: ukitengeneza nasaba mpya, anza na mazungumzo na mtoaji

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nasaba nyingi zilizomo kwenye benki za dunia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ugonjwa wa siko seli umejaa Nyanza, Magharibi na Pwani, lakini mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kuuchunguza huishia kuagiza seli za mtu wa mbali. Tunahitaji nasaba za watu wetu. Na watu wetu wameshatoa mengi: wanawake wa Majengo, Pumwani, wamechangia damu zao kwa watafiti wa UKIMWI tangu miaka ya 1980, na dunia nzima imejifunza kutokana nao. Anayetoa leo anastahili kuweza kufuatilia kilichotoka mwilini mwake.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kwa Kijaluo au lugha nyingine pale inapohitajika, badala ya kuandikwa Kiingereza kisha ikapelekwa kwa mfasiri usiku wa kuamkia kikao. Sentensi ziwe fupi. Kwa mfano:

“Tutachukua mililita 10 za damu yako, kama vijiko viwili vya chai. Seli zake zitageuzwa maabara kuwa seli shina. Seli hizo zinaweza kuendelea kuishi na kuongezeka kwa miaka mingi, hata baada ya wewe kufariki.”

“Zinaweza kutumwa kwa watafiti wa nchi nyingine. Jina lako halitatumwa pamoja nazo. Maelezo kuhusu seli yatawekwa kwenye sajili ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma.”

“Jenomu yako inaweza kusomwa yote. Jambo hilo linaweza kufichua habari zinazowahusu pia ndugu zako wa damu.”

“Kampuni inaweza kutengeneza dawa kwa kutumia seli hizi na kupata faida.” Baada ya hapo sema wazi kama mtoaji atapata mgao au la. Usiache ukimya.

“Ukibadili nia, tutaharibu seli tulizo nazo na tutaacha kuzisambaza. Zile zilizokwisha kutumwa, na matokeo yaliyokwisha kuchapishwa, hatutaweza kuyarudisha.”

Mambo mengine yape kisanduku chake cha ndiyo au hapana: kusoma jenomu, matumizi ya kibiashara, kuwasiliana naye tena, na utafiti wa kujaribu kutengeneza mayai au mbegu za uzazi kutoka seli zake. Hili la mwisho wapo watakaolikataa hata kama wamekubali mengine yote, na ni haki yao.

Kisha kaa chini, usikilize. Mama aliyemleta kliniki mtoto mwenye siko seli atakuuliza swali moja kabla ya mengine yote: “Daktari, hizi seli zitamtibu mtoto wangu?” Jibu ni hili, na lisizungushwe: “Hapana, mama. Damu hii ni ya utafiti tu. Matibabu ya mtoto yataendelea hapa kliniki kama kawaida, ukubali au ukatae.” Ukihisi kwamba bado anatumaini tiba, mpe muda, mwombe arudi na baba au shangazi wa mtoto, na uanze tena. Saini iliyopatikana kwa tumaini la uongo si ridhaa. Na kwa kuwa mtoto mwenyewe hajaamua, panga mapema jinsi utakavyomtafuta akifika miaka 18 ili aseme neno lake.

Hatua ya saba: sajili kabla ya kuchapisha

Fungua akaunti hPSCreg kwa barua pepe ya taasisi yako. Taasisi ikiwa ngeni pale, itapewa kifupisho chake. Kubalianeni juu yake kwanza, kwa sababu kitabaki kwenye kila jina litakalofuata. Ingiza taarifa za mtoaji na za nasaba, na mfumo utakupa jina la kawaida. Litumie kuanzia siku hiyo kwenye vichupa, kwenye daftari la maabara, na kwenye makala. Usisubiri mhariri wa jarida akudai. Pakia ushahidi wa ridhaa, barua ya kamati ya maadili na matokeo ya vipimo, ili uombe cheti. Fomu tupu ya ridhaa ndiyo inayotumwa. Fomu yenye saini ya mtoaji ibaki kabatini Nairobi, chini ya kufuli.

Uwazi una mipaka yake. Weka kikundi cha umri badala ya tarehe ya kuzaliwa. Usitaje kijiji wala mtaa; ugonjwa adimu ukiambatana na jina la kata unatosha kumfichua mtu. Matokeo ya STR ya mtoaji mpya yasiwekwe hadharani bila kufikiri, maana ni alama za aina ile ile ambayo polisi hutumia kutambua watu. Jenomu nzima iende kwenye hifadhi yenye mlango, ambako mtafiti huomba na kueleza sababu. Jambo hili lilifunzwa kwa uchungu. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa Baltimore bila yeye kujua, na kutoka kwake tukapata HeLa. Halafu Machi 2013, zaidi ya miaka 60 baadaye, watafiti wakaiweka jenomu ya HeLa mtandaoni bila kuiuliza familia yake. Agosti mwaka huo NIH na familia walikubaliana kwamba anayeitaka aombe, na wanafamilia wawemo kwenye kamati inayoamua.

Ukurasa wako uutunze. Kromosomu ikiharibika, andika. Mtoaji akijiondoa, andika siku hiyo hiyo na uiarifu kila maabara uliyoipelekea.

Kwa familia: tangazo la tiba ya seli shina likikufikia

Huenda hujawahi kuingia maabara, lakini simu imekuletea tangazo: seli shina zinatibu kisukari, kiharusi, usonji, magoti, vyote. Kabla ya kuitisha harambee au kuuza shamba, fanya haya.

Uliza tiba hiyo ni ya ugonjwa gani hasa, na seli ni za aina gani. Zipo tiba za kweli. Upandikizaji wa uboho umeokoa watu kwa miongo mingi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy kwa siko seli, tiba inayohariri seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe. Seli moja inayodaiwa kutibu magonjwa kumi haimo kwenye kundi hili.

Omba namba ya jaribio. Ya ClinicalTrials.gov, sajili ya Marekani ya majaribio ya kitabibu, huanza na NCT ikifuatwa na tarakimu nane. Ya Afrika hutoka kwenye sajili ya PACTR iliyoko Cape Town, inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Itafute mwenyewe, au mwombe kijana wa nyumbani aitafute. Angalia jina la hospitali, mji, ugonjwa, na kama jaribio bado linaendelea.

Lakini namba peke yake haitoshi, na hapa naomba usome polepole. Kuorodheshwa si kuidhinishwa. Mwaka 2015 wanawake watatu wazee waliokuwa na tatizo la retina walidungwa machoni, huko Florida, seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, macho yote mawili siku moja. Walilipa dola 5,000 kila mmoja. Baadhi yao waliamini wameingia kwenye utafiti, kwa kuwa kulikuwa na ukurasa wake ClinicalTrials.gov. Waliharibika macho vibaya sana, na kisa chao kilichapishwa mwaka 2017 katika New England Journal of Medicine. Ukiambiwa ulipe ili ushiriki utafiti, shuku hapo hapo.

Kwa jaribio linalofanyika Kenya, uliza barua mbili: ya kamati ya maadili, na ya Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo huidhinisha majaribio ya dawa na tiba kwa binadamu. Hospitali na daktari wawe na leseni ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, na hilo unaweza kuliangalia kwenye tovuti ya baraza hilo. Mtoaji huduma wa kweli hatakasirika ukiomba barua hizo. Akikasirika, au akikuambia nafasi inaisha kesho, ondoka.

Tangazo lisilo na namba wala barua usilipuuze tu. Lipige picha, andika tarehe, kiungo na namba ya simu waliyokupa, kisha upeleke malalamiko kwa Bodi na kwa baraza. Mwonyeshe pia daktari anayemtibu mgonjwa wenu, ili familia nyingine ikimuuliza kuhusu mahali hapo awe na la kujibu.